Farasi Wangu Si Pikipiki: Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Misitu, Utalii na Mifugo, Nyanda za Juu Kusini

Waheshimiwa, shikamooni. Na wale mliozaliwa huku kwetu, kamwene.

Nyumbani nina risiti niliyoifunga kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi za chanjo. Imeandikwa: watu 4, hema 2, pikipiki 3, baiskeli 1. Siku ile hatukuwa na pikipiki hata moja. Baiskeli pia hatukuwa nayo. Tulikuwa na farasi watatu na punda mmoja.

Kambi yenyewe siitaji jina, na kijana aliyeandika risiti ile simlaumu. Tulimfikia saa 12 jioni, mwezi wa Agosti, jua limeshazama nyuma ya misindano na baridi imeanza kuuma masikio. Nilikuwa na wageni wawili waliotaka kusafiri kwa farasi siku tatu kutoka upande wa mashamba ya chai, na kijana wangu mmoja wa kunisaidia. Mlinzi alipotuona alifunga geti kwanza, salamu ikafuata.

"Mzee, mifugo hairuhusiwi humu."

Nikamwambia hawa si mifugo, hawa ndio usafiri wetu.

"Sasa mzee, ni mfugo au ni chombo?"

Lile swali limenikaa kichwani mpaka leo, na ndilo ninalowaletea.

Mwenye risiti alitoka na karatasi ya viwango. Hema, gari dogo, gari kubwa, basi, pikipiki, baiskeli. Akapekua mbele, akapekua nyuma. Farasi hayumo. Mahali pekee palipomkaribia palikuwa kwenye faini: mifugo iliyokutwa msituni, kwa kichwa. Giza linaingia, wanyama wamechoka, kurudi tulikotoka ni safari ya usiku kwenye njia ya magogo. Kijana akakuna kichwa, akawatazama farasi wangu, akauliza kama kila mmoja anapandwa na mtu mmoja. Nikajibu ndiyo. "Basi hizi ni pikipiki." Punda kwa kuwa alibeba mizigo tu, akawa baiskeli.

Tulicheka sana pale getini. Kulipokucha sikucheka tena.

Tulionyeshwa mahali nyuma ya vyoo, penye miti michanga, tukaambiwa tufunge hapo. Hapakuwa na hori, hapakuwa na nguzo, na nyasi nilizobeba zilikuwa chache kwa sababu nilitegemea kununua njiani. Kwa uchovu nikafanya kitu ambacho nimewagombeza vijana wengi kwa kukifanya: nikawafunga farasi moja kwa moja kwenye mashina. Saa 12 asubuhi nilipotoka hemani, jike langu la kahawia alikuwa amekwisha kula gome la mti mmoja wa asili, mti wa unene wa paja la mtu mzima, karibu mzunguko mzima. Mizizi ya upande mmoja ilikuwa nje kama vidole. Bwana misitu alikuja, akautazama mti, akanitazama mimi. Nililipa nilichotakiwa kulipa na sikubishana. Alikuwa na haki.

Kwa asiyewajua wanyama hawa: farasi akifungwa kwenye shina usiku kucha bila nyasi mbele yake, ana kazi mbili tu. Meno yanaguguna, kwato za mbele zinachimba. Hafanyi kwa ukorofi. Tumbo lake ni dogo kwa mwili ule, limeumbwa kupokea chakula kidogo kidogo karibu siku nzima na sehemu kubwa ya usiku, kwa hiyo ukimnyima nyasi anatafuta kingine cha kutafuna. Na chini tu ya gome ndipo panapopita chakula cha mti kutoka majani kwenda mizizini. Gome likiliwa duara zima, mti umeshakufa hata kama majani bado yanacheka. Wangu ulibakiwa na upana wa viganja viwili ambao meno hayakufika. Nimerudi mara mbili kuutazama.

Naandika basi nikiwa mkosaji. Nimeshika hatamu tangu nilipokuwa kijana wa kusafisha mabanda kwenye shamba la watu, nikapanda ngazi hadi kuchonga kwato na kufundisha farasi wachanga kuvaa lijamu, kile chuma cha mdomoni, na sasa nina wangu. Kama mimi niliweza kuharibu mti kwa usiku mmoja, atakayekuja baada yangu bila kujua chochote atafanya nini? Na atakuja. Wageni wanaouliza kama wanaweza kulala msituni na farasi wanaongezeka, na vijana wa huku wanaotaka kujifunza kazi hii nao wapo.

Najua wengi wenu farasi mnamwona kwenye gwaride, akiwa chini ya askari wa Kikosi cha Mbwa na Farasi. Huko Pwani anaishi kwa kubembelezwa. Huku kwetu anaishi. Sababu si upendeleo wa hewa, ni wadudu. Mbung'o, anayeeneza nagana, hapendi baridi yetu; ukishuka kuelekea Usangu au Kilombero unamkuta, na farasi akipata nagana hana uvumilivu wa ng'ombe wa kienyeji. Halafu kuna ule ugonjwa wenyewe wa farasi wa Afrika, ambao hauna dawa ya kuuponya. Chanjo ndiyo kinga. Farasi asiye na kinga akiupata, mara nyingi ndiyo mwisho wake: anavimba juu ya macho, povu linamtoka puani, na kesho yake unatafuta watu wa kuchimba shimo. Unaenezwa na visubi, vile vidogo hata huvisikii, vinavyouma kuanzia jua linapozama hadi linapochomoza. Visubi hupenda tope la mabondeni na hewa iliyotulia. Baridi kali ya Juni na Julai, ile inayogandisha umande kwenye majani ya viazi, huwapunguza sana.

Nimeyasema haya kwa sababu yanaamua mahali pa kumlaza farasi. Mtu wa ofisini akiambiwa atenge sehemu ya farasi, haraka haraka ataielekeza bondeni karibu na kijito, ili maji yawe karibu. Hapo atakuwa amekosea mara mbili. Visubi wako bondeni. Na kijito ni cha watu. Mito midogo inayoanzia kwenye misitu ya Mufindi ndiyo inayoujaza Ruaha Mdogo unaopita Iringa mjini. Farasi watatu wakiingizwa mtoni wanywe wenyewe, kwato kumi na mbili zinavuruga tope, na kinyesi kinafuata maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeshatuwekea mita 60 kutoka ukingoni, na kila mwenye vinyungu, zile bustani za mabondeni, anazijua hizo mita kwa uchungu wake. Nawaomba zimhusu farasi pia. Mlazeni juu, mgongoni mwa kilima penye upepo na ardhi kavu, maji apelekewe. Mmoja anakunywa lita 30 hadi 40 kwa siku, yaani madumu mawili ya kawaida, na siku ya jua na vilima anaweza kupita hapo. Hori moja na bomba, au hata tangi la mvua kwenye paa la choo, vinatosha.

Mgeni mmoja kutoka Marekani alinieleza jinsi kwao wanavyofanya. Kwenye misitu ya taifa kuna kambi zilizotengwa kwa ajili ya wenye farasi tu: mtu anakuta nguzo za kufungia, mazizi madogo, hori, na mahali pa kumwaga mbolea. Katika majimbo mengi ya magharibi huruhusiwi hata kuingia na nyasi kavu zisizo na uthibitisho kwamba hazina mbegu za magugu. Hilo la mwisho lilinikamata zaidi kuliko mazizi. Mbegu nyingi hupita tumboni mwa farasi zikiwa hai, zikatoka siku mbili tatu baadaye kilomita nyingi kutoka zilikoliwa, tena zikiwa ndani ya mbolea. Yaani farasi anapanda magugu na kuyawekea samadi kwa mpigo mmoja.

Kwa hiyo hapa nisieleweke vibaya. Siombi farasi aingie msitu wa asili. Siombi Mlima Rungwe, anakoishi kipunji, kima aliyejulikana kwa wanasayansi mwaka 2003 tu ingawa wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja miaka yote hiyo. Siombi Kitulo. Ile Bustani ya Mungu imewekwa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa ajili ya maua, na okidi zake zimeshateseka vya kutosha kwa watu wanaochimba viazi vyake kwenda kutengenezea chakula kiitwacho chikanda Zambia, haihitaji kwato. Mgeni akiniambia anataka kupanda Rungwe kwa farasi, namwambia apande kwa miguu yake, farasi atamsubiri chini. Kuna wenzangu watakaonuna wakisoma haya. Wanune.

Ninachoomba ni pembeni ya msitu.

Wazo hili si langu. Alinipa mzee mmoja mchunga ng'ombe, asubuhi iliyofuata ile risiti, tulipokutana naye mpakani tukiwa tunaondoka. Alisimama na fimbo yake begani, akatutazama tunavyopita, akasema: "Ng'ombe wangu akivuka huo mtaro anakamatwa. Farasi wako analipiwa kitanda." Sikuwa na jibu. Kijijini faini ya ng'ombe mmoja inaweza kumeza ada ya shule ya mtoto, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iko wazi kwamba mifugo haiingizwi kwenye msitu wa hifadhi bila kibali. Leo mkiandika "farasi" kwenye karatasi ya viwango na mkamfungulia geti lilelile lililofungwa kwa ng'ombe wa mwenyeji, mtakuwa mmenisaidia mimi na kumtukana yule mzee. Na mwenyeji aliyetukanwa hatazima moto msitu ukiwaka.

Mahali pa farasi pawe upande wa kijiji. Ardhi ya kijiji, mkataba na serikali ya kijiji, ushuru unaoingia kwenye mfuko wa kijiji kwa namba ya malipo kama malipo mengine ya serikali, si mkononi mwa mtu. Mgeni analala na farasi wake pale, asubuhi anaingia msituni kwa miguu kupitia geti lenu na kulipa kiingilio kama kila mtu. Akitaka kuendelea na farasi, afuate barabara za magogo na zile njia pana zilizofyekwa kuzuia moto kwenye mashamba ya misindano na mikaratusi. Zipo tayari, zina upana wa kutosha, na hakuna okidi juu yake.

Nikigusa moto lazima nikae hapo kidogo. Kuanzia Juni mpaka Oktoba sote tunaishi na pua juu, tunanusa. Mtu wa Mafinga akiona moshi upande wa shamba la miti la Sao Hill hasubiri kuambiwa. Najua mtakachouliza: mnataka kutuletea watu wa kuota moto usiku katikati ya kiangazi? Nakubali woga huo. Wapo wapanda farasi wanaovuta sigara, na kila mgeni anataka kuota moto apigwe picha. Basi iwe jiko moja la pamoja lililojengewa kwa matofali pale kwenye kambi ya kijiji, na njiani hakuna kuwasha kitu. Lakini hesabuni na upande wa pili. Njia ya kuzuia moto inafanya kazi pale tu nyasi zake zinapokuwa fupi. Kila mwaka mnalipa watu kuzifyeka. Farasi na punda wakipitishwa na kulishwa pale kwa zamu, chini ya mtu anayewaangalia, watakula sehemu ya hizo nyasi. Sisemi wafyekaji waache kazi. Nasema nyasi iliyoliwa haiungui. Na mtu aliye juu ya farasi anaona mbali kuliko mtu wa pikipiki, hana kelele, na anasikia moto kabla hajauona kwa sababu masikio ya farasi yatakuwa yameshasimama.

Masika njia zifungwe. Kwato kwenye udongo uliolowa ni jembe. Upande wa Rungwe mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka, na njia iliyochimbwa na kwato mwezi wa Machi inakuwa korongo mwezi wa Aprili. Visubi nao ndio wakati wao. Toka mvua za Desemba mpaka Mei farasi akae nyumbani, na mwenye farasi kama mimi atafute kazi nyingine. Msimu wa ulanzi, pombe yetu ya mianzi, nao ni huo, hatutakosa cha kufanya.

Sasa vifaa, maana najua kikao kikikaa mtaambiwa inahitajika bajeti. Mufindi tunapeleka nguzo za umeme nchi nzima. Naomba nguzo nne. Mbili huku, mbili kule, hatua kumi na tano hivi katikati, kamba imevutwa juu kupita kichwa cha mtu mrefu, kama kamba ya kuanikia mablanketi. Kila farasi anafungwa kwenye kamba ile kwa kigwe kinachomfikisha kwenye nyasi zake chini lakini kisichoburuta akakikanyaga, na aachwe nafasi asimpige jirani yake teke. Farasi anaweza kulala akiwa amesimama, ila usingizi mzito hawezi kuupata bila kujilaza kidogo, kwa hiyo ardhi iwe tambarare na isiwe na visiki. Mahali ambapo nguzo hazijafika, kamba hiyohiyo inafungwa kati ya miti miwili mikubwa iliyokomaa, lakini kwa mikanda mipana, ile ya kufungia mizigo kwenye fuso, ili isikate gome, na farasi wakae katikati wasifikie shina. Kamba hiyo ninayo. Siku ile ya risiti ilikuwa nyumbani, imening'inia ukutani.

Mbolea. Farasi mmoja anatoa kilo 20 hivi kwa siku. Watatu kwa usiku mbili ni zaidi ya kilo 100, na kama hakuna mtu aliyepangiwa, inabaki hapo ikikusanya nzi na wageni wa hema la jirani wanaandika malalamiko. Wakati huohuo kuna mama mita 300 kutoka hapo anatafuta samadi ya viazi. Kinachokosekana katikati yao ni toroli na shimo lenye kifuniko. Akiiacha ioze vizuri mpaka ipate moto wa ndani, mbegu nyingi za magugu zinakufa humo, na lile tatizo la Wamarekani tumelipunguza bila karatasi ya uthibitisho. Nyasi nazo zinunuliwe hapohapo kijijini. Farasi wa kilo 450 anahitaji kilo 9 hadi 11 za nyasi kavu kwa siku, na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Rungwe, Njombe na Mufindi wanajua kuzikata na kuzikausha. Waambiwe tu wazikate kabla hazijatoa mbegu. Ni bora kwa farasi na ni bora kwa msitu.

Kuna jambo moja ninaloliomba kwa maafisa mifugo, na hili linaua, kwa hiyo nitasema wazi. Watu wa huku ni wakarimu. Farasi akipita, watoto wanakimbia na chochote wanachokiona ni kizuri. Nimepokea mahindi yaliyoota ukungu, "ya mnyama hayana shida". Yana shida. Ukungu wa aina fulani kwenye mahindi una sumu inayooza ubongo wa farasi. Ng'ombe anaweza kula na kuendelea, farasi anaanza kuyumba na kugonga kuta, kisha anakufa. Nimepewa chakula cha kuku. Baadhi ya vyakula vya kuku na ng'ombe huwekewa monensini, dawa ambayo kiasi kidogo tu kinasimamisha moyo wa farasi. Majani ya parachichi, ambayo sasa yamejaa Njombe na Rungwe kote, nayo ni sumu kwake. Hata lile gugu lenye majani kama unyoya wa kuku, linalofunika kilima kila panapoungua, akilila kwa siku nyingi linamnyang'anya nguvu za miguu. Na farasi hawezi kutapika. Kilichoingia kimeingia. Kibao kimoja cha mbao kambini chenye mistari minne ya Kiswahili kingetosha, na bwana mifugo wa kata apewe siku mbili za kufundishwa juu ya farasi, kwa sababu wengi wao ni hodari kwa ng'ombe na nguruwe lakini hawajawahi kumwekea farasi sikio tumboni.

Hapohapo kwenye mifugo, kibali cha kusafirisha. Nakiunga mkono, bila hicho magonjwa yangetembea kwa lori. Lakini ofisi moja niliyokwenda walinijazia "ng'ombe (3)" ili tu niondoke, na kizuizi cha mbele wakaniweka kwa muda wa saa nne wakitafuta ng'ombe. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inanidai mimi mwenye mnyama nimpe maji, chakula na mahali pa kupumzika. Nataka kuitii. Nitaitii wapi, kama kizuizini ni ng'ombe na kambini ni pikipiki?

Mtasema farasi ni wa wazungu na matajiri. Kwa kiasi fulani ni kweli, na ndiyo maana simwombei yeye peke yake. Punda ni wa nani? Kule Usangu anabeba maji na magunia ya mpunga, na hakuna mtalii aliyemleta. Kijana mwenye punda wawili waliozoea watu angeweza kubeba hema, maji na chakula cha wapanda mlima mpaka kwenye kambi ya kijiji chini ya Rungwe au pembeni ya milima ya Poroto, bila mkopo wa pikipiki. Mahitaji ya punda ni yaleyale kwa kiwango kidogo: kamba, maji, kivuli, zizi la usiku maana fisi humpenda. Magonjwa anayavumilia kuliko farasi. Wanaosema fadhila ya punda ni mateke mara nyingi walimjia nyuma kimya kimya. Kwa hiyo mstari ukiongezwa kwenye karatasi ya viwango, uandikwe "farasi na punda", na bei ya punda wa mwenyeji iwe ndogo kiasi kwamba mtu asione sababu ya kumficha.

Sijui ni nani kati yenu mwenye kalamu ya mwisho. Mwenye msitu atasema ni suala la mifugo, mwenye mifugo atasema ni la utalii, mwenye utalii ataniuliza kama nina leseni. Ninayo. Ndiyo sababu barua nimewaandikia wote kwa pamoja, ili anayeipokea asiwe na wa kumsukumia.

Kama mnataka kuona kabla ya kuamua, niko tayari. Chagueni kijiji chochote kinachopakana na msitu wa kupandwa, siku yoyote kati ya Juni na Septemba, na mwenyekiti wa kijiji awepo pamoja na yule mzee wa fimbo kama nitampata. Kamba na mikanda nitakuja navyo, toroli pia. Nitawalaza farasi watatu usiku mmoja mbele yenu, na asubuhi mtapima wenyewe gome la kila mti na kina cha kila shimo. Punda nitakuja naye. Safari hii naomba asiandikwe baiskeli.

Wenu katika kazi,
Mtunza farasi, Mufindi